Kitambi Kiondoke, Mwili Ubaki

Mwezi huu meza yangu imejaa matumbo. Zaidi ya nusu ya barua zilizonifikia tangu toleo lililopita zinauliza jambo lilelile kwa njia tofauti, jinsi ya kuondoa tumbo bila kukondesha mwili, nami nimechagua nne. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa makusudi. Mwenyewe ameandika kila kitu, mpaka idadi ya vijiko vya sukari, na mtu aliyenihesabia vijiko vyake siwezi kumjibu kwa mistari mitatu.

Mama mkwe anauliza kama tumepima

*Shikamoo Mama. Nina miaka 33, naishi Tabata, Dar es Salaam, na kazi yangu ni ya kukaa ofisini kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Urefu wangu ni sentimita 172, uzito kilo 63. Mikono na miguu ni myembamba, lakini mbele nina kitambi ambacho hakuna shati linalokificha. Kiuno ni sentimita 94. Mwaka jana nilijitesa: niliacha chai ya asubuhi na chakula cha usiku, na kila alfajiri nikapiga tumbo mara 100, yale ya kulala chali na kuinuka. Miezi miwili baadaye nilikuwa na kilo 58. Mashavu yakaingia ndani, suruali zikapwaya makalioni, ofisini wakaanza kunong'ona, na mama mkwe akampigia mke wangu simu kuuliza kama tumeshapima. Kitambi kilipungua sentimita mbili tu! Nikakata tamaa, nikarudi nilipokuwa.*

*Siku yangu iko hivi: asubuhi chai ya maziwa, sukari vijiko vitatu, na maandazi matatu. Mchana wali maharage na soda. Saa kumi chai tena, vijiko vitatu. Usiku saa tatu ugali na mboga za majani, mara mojamoja dagaa. Ijumaa na Jumamosi bia nne kila siku, na chipsi mayai. Nalala saa sita na nusu, naamka saa kumi na moja kuwahi foleni. Nataka kitambi kiondoke, mwili ubaki. Inawezekana?*
*Msomaji, Tabata*

Marahaba mwanangu. Inawezekana, ila njia uliyopita mwaka jana ndiyo inayomaliza mwili na kuacha kitambi. Naijua kwa sababu nami nimeipita.

Ilikuwa miaka minne iliyopita. Nilikuwa na miaka 51, hedhi imekoma, na kama inavyowatokea wanawake wengi umri huo, mafuta yaliyokuwa yakikaa nyongani yakahamia mbele. Gauni la harusi ya mpwa wangu likagoma kufunga zipu. Basi mimi, afisa lishe mwenye miaka zaidi ya ishirini kazini, nikafanya upuuzi uleule ninaowakataza watu kila Jumatatu kliniki: wiki tano za kachumbari, tikiti na supu ya maboga. Zipu ilifunga kwa kusukumwa na watu wawili. Kwenye picha nina shingo ya kuku aliyenyonyolewa, na tumbo liko palepale chini ya satini. Shangazi yangu kutoka Moshi hakunisalimia hata. Aliniuliza, "Unaumwa nini, na mbona hukutuambia?"

Kwa hiyo huyo mama mkwe wako namwelewa, na wewe nakuelewa zaidi. Huku kwetu mtu akinenepa wanasema mambo yake safi, akikonda wanaanza kuhesabu siku zake.

Sasa tuangalie kilichotokea. Kupiga tumbo mara 100 kunakaza msuli ulio chini ya mafuta, hakuli mafuta yaliyo juu yake. Mwili ukihitaji mafuta huyachota popote unapotaka wenyewe, na kwa wengi huanza usoni na mikononi kabla ya kufika kitovuni. Tena ukijinyima chakula bila kuipa misuli kazi nzito, unachopoteza si mafuta peke yake. Kwa kawaida karibu robo ya kilo zinazoondoka ni nyama ya mwili, na kwa mtu ambaye tayari ni mwembamba na anakula protini kidogo, fungu hilo huwa kubwa zaidi. Kwenye zile kilo tano zako kulikuwa na mapaja, mabega na makalio. Uliporudi kula, nafasi hiyo haikujazwa na msuli, ilijazwa na mafuta. Ndiyo maana leo uzito umerudi palepale, na kitambi nacho kimerudi. Kiuno umeandika 94, na barua yako inasema kilipungua mbili tu, kisha ukarudi ulipokuwa.

Kama umewahi kusimama mbuzi akichunwa, utakumbuka ule utando mweupe unaofunika utumbo kama wavu wa samaki. Wauza supu wanaujua. Na sisi tunao. Mafuta ya tumboni yako ya aina mbili: yale ya chini ya ngozi, unayoweza kuyabana kwa vidole, na haya ya ndani yanayozunguka utumbo na ini. Haya ya ndani ndiyo yanayohusishwa na kisukari, presha na magonjwa ya moyo, na mtu mwembamba anaweza kuwa nayo tele. Jibonyeze ukiwa umesimama. Kitambi kigumu kama ngoma mara nyingi ni cha ndani, kinachoshikika mkononi ni cha nje. Uzuri ni kwamba cha ndani ndicho kinachotangulia kusikia ukianza kutembea na kubadili chakula. Kile kipande cha chini ya kitovu kinachokukera kwenye kioo ndicho kitakuwa cha mwisho kuaga, na hicho usikipigie hesabu kwa mwezi mmoja.

Uzito wako hauna tatizo. Ukigawanya kilo 63 kwa urefu wa mita 1.72 mara mbili unapata 21.3, na kiwango kizuri ni kati ya 18.5 na 24.9. Shida iko kiunoni. Kipimo rahisi ninachokipenda ni hiki: kiuno kisifike nusu ya urefu. Nusu yako ni 86, wewe uko 94. Na hiyo 94 ndiyo namba ambayo kwa wanaume tunaanza kukunja uso.

Basi mizani iweke chini ya kitanda, uitoe mara moja kwa mwezi. Nunua futi ya fundi cherehani. Chagua ya plastiki, siyo ya kitambaa, maana ya kitambaa inavutika. Yangu ya zamani niliilinganisha na rula nikakuta imerefuka karibu sentimita mbili, kumbe muda wote huo nilikuwa najisifia bure. Jipime asubuhi baada ya kutoka msalani, kabla ya chai, bila shati. Tafuta mbavu ya mwisho ubavuni, tafuta mfupa wa nyonga, pita katikati yake. Kitovu kisikupotoshe, kwa wenye vitambi huwa kimeshuka. Toa pumzi kawaida, usivute tumbo ndani, futi iguse ngozi bila kuminya. Andika. Rudia baada ya wiki mbili.

Tuje kwenye sahani. Vijiko vyako sita vya chai ni gramu 25 hivi za sukari. Soda ya chupa ya mililita 350 inabeba gramu 37 hivi, yaani vijiko tisa. Jumla vijiko kumi na tano kwa siku, na maandazi sijayagusa. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayokula, na ikishuka hadi asilimia 5 ni bora zaidi. Hiyo ni kama vijiko sita kwa mtu wa kawaida. Bia ya nusu lita ni kalori 200 hivi, na wewe kwa wiki unakunywa nane. Sahani ya chipsi mayai, kutegemea mkono wa mpishi na chupa yake ya mafuta, inafika 800 bila kujitahidi.

Mwaka jana ulikata chai na ugali, ukaacha soda na bia mahali pake. Hukuniandikia hivyo, lakini kwenye orodha ya ulivyoacha sikuviona.

Safari hii geuza. Soda iwe ya sikukuu. Chai kijiko kimoja kwa kikombe. Wiki ya kwanza utaona kama unakunywa maji ya kuoshea sufuria, wiki ya tatu ulimi unazoea. Bia mbili kwa wiki nzima badala ya nane, na chipsi mayai siku moja. Hapo umeondoa karibu kalori 500 kwa siku ukigawanya. Nyingi mno kwa mtu wa kilo 63! Sasa tunarudisha zaidi ya nusu kwa chakula chenye kazi: mayai mawili ya kuchemsha asubuhi, na kikombe cha mtindi usiku. Maandazi badilisha na kiazi kitamu au muhogo wa kuchemsha, ushibe kama kawaida. Unabaki na upungufu wa kalori 200 hivi kwa siku. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni kama kalori 7,700, kwa hiyo utapunguza chini ya kilo moja ya mafuta kwa mwezi. Polepole hivyo ndivyo ninavyotaka. Uso wako hautagundua.

Kisha protini. Mtu anayetaka kulinda misuli huku anapunguza mafuta anahitaji gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya mwili, kwako ni kati ya 75 na 100. Nimejumlisha siku yako nikapata kama 50. Mayai mawili yanaongeza 12, mtindi 8. Dagaa wasiwe wa mara mojamoja, konzi moja ya dagaa wakavu kwenye mboga yako ya usiku inakupa 15 au zaidi, na ni rahisi kuliko nyama. Mchana mwambie mama lishe apunguze wali na aongeze upawa wa pili wa maharage. Usione haya. Mama yangu aliuza chakula Kariakoo miaka mingi, na upawa wa pili hakuutoza mteja aliyeomba kwa adabu. Waliokuwa wanampa hasara ni wale wa kukopa.

Bila kazi ya misuli, haya yote yatakukondesha tu. Gym si lazima. Tafuta dumu la lita 20, lile la mafuta ya kupikia lenye mshikio. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo una chuma cha kisasa kinachoongezwa uzito kwa kopo. Anza na lita 10. Likumbatie kifuani, chuchumaa mpaka mapaja yawe kama kiti, inuka, mara kumi. Lishike kwa mkono mmoja, inama mbele mkono mwingine ukiegemea ukingo wa kitanda, livute mpaka ubavuni kama anayechota kisimani, mara kumi kila mkono. Kisha pushapu, na kama zinakushinda anzia kwenye meza imara, mwili umeinama. Mzunguko huo mara tatu, siku tatu kwa wiki. Katika kila kumi, zile mbili za mwisho zikutoe miguno. Zikiwa rahisi, ongeza lita moja. Chora mstari kwa kalamu ya wino kila unapofika. Mteja wangu mmoja ana dumu lenye mistari kama rula, na mabega yake sasa shati linakaa. Mabega yakijaa na makalio yakirudi, kiuno kinaonekana kidogo hata kabla hakijapungua, na watu hawatakuuliza tena unaumwa nini.

Siku zilizobaki tembea. Shuka vituo viwili kabla ya nyumbani, utembee haraka kiasi cha kuweza kuongea lakini siyo kuimba. Dakika 150 kwa wiki zinatosha kuanzia.

Usingizi wako umenitisha kuliko bia. Muda wa saa nne na nusu tu kwa usiku! Mwaka 2022 watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, walichapisha jaribio la watu wachache wenye afya, wasio wanene, walioruhusiwa kulala kwa muda wa saa nne tu kila usiku kwa wiki mbili wakiwa na uhuru wa kula. Walikula zaidi, na mafuta ya ndani ya tumbo yakaongezeka kwa asilimia 11, ingawa uzito ulipanda kidogo tu. Unaona? Mizani inasema mambo shwari, utumbo unavaa koti. Foleni ya Dar siwezi kuiondoa, lakini simu ya saa tano usiku ni yako. Ikifika saa nne na nusu usiku, uwe umeshalala.

Nitarajie nini, utauliza. Mwezi wa kwanza pengine sentimita moja au mbili, mizani karibu palepale. Miezi sita hadi minane kufikia 86 ni mwendo mzuri. Ukiona uzito umeshuka chini ya 60, umekata mno: ongeza parachichi, karanga, ugali wa kutosha, na usiache dumu. Na uzito ukishuka wakati hujaupunguza mwenyewe, au una kiu isiyoisha na kukojoa sana, au kikohozi na jasho la usiku, hiyo ni ya hospitali, siyo ya safu hii. Kwa vyovyote kapime sukari na presha mwezi huu. Na kile anachouliza mama mkwe, nendeni wote wawili mkapime, mumpigie simu, yaishe.

Tumbo la mimba isiyokuwepo

*Assalamu alaykum. Mie ni mama wa pacha, wana miezi saba, nakaa Unguja. Nina miaka 29 na uzito wangu umerudi ule wa zamani, kilo 55. Lakini tumbo limebaki kama la mimba ya miezi mitano, na sokoni watu wananambia, "Mashallah, umeshapata mwengine?" Bibi alinifunga tumbo kwa kanga mpaka arubaini, kisha nikanunua mkanda wa mpira, nalala nao. Nikipunguza kula zaidi nahofia maziwa. Nifanyeje?*
*Mama Pacha, Unguja*

Waalaykum salaam, mwanangu, na hongera kwa neema mbili kwa mpigo. Kula usipunguze. Anayenyonyesha mtoto mmoja anahitaji kalori 500 hivi za ziada kwa siku, nawe unao wawili wanaokuchota usiku na mchana. Kwa kilo 55 sina mafuta ya kukutoa.

Nadhani tatizo lako wala si mafuta. Mbele ya tumbo kuna misuli miwili mirefu inayoshuka sambamba kutoka mbavuni hadi kinenani, na katikati imeunganishwa na utando. Mimba inavuta utando huo, na mimba ya pacha inauvuta maradufu. Baada ya kuzaa misuli kwa baadhi ya wanawake hairudi kukutana vizuri, tumbo likabaki limefunguka kama shati lililokosa vifungo, na vilivyo ndani vinasukuma mbele. Jioni baada ya kula linazidi, asubuhi linapungua. Je, lako liko hivyo?

Jipime. Lala chali, kunja magoti, miguu sakafuni. Weka vidole vyako juu kidogo ya kitovu, vielekee miguuni, kisha inua kichwa tu, kidevu kwenda kifuani. Utasikia kingo mbili zinakaza pande zote za vidole. Hesabu vidole vinavyoingia katikati. Rudia kitovuni na chini yake. Vikiwa zaidi ya viwili, au ukiona kama kigongo kinatokeza katikati kama mgongo wa ngalawa, misuli imeachana.

Kama ndivyo, yale mazoezi ya kulala na kuinuka yaache kwa sasa, yanaweza kuzidisha huo msukumo. Anza na pumzi: katika mlalo uleule, vuta pumzi mpaka mbavu zifunguke, kisha itoe polepole huku ukivuta kitovu ndani taratibu kuelekea mgongoni na kukaza kule chini kama unayezuia mkojo. Hesabu mpaka tano, legeza. Mara kumi, asubuhi na jioni, hata watoto wakiwa wamekulalia pembeni. Ukizoea, unatoa pumzi hivyohivyo huku ukitelezesha kisigino kimoja mbele na kukirudisha. Ukiinuka kitandani geuka ubavu kwanza, usijikunje kama kisu. Lakini ningependa sana uonwe na mtaalamu wa fiziotherapia kwenye hospitali kubwa iliyo karibu nawe, akupime kwa mkono wake na kukuongezea zoezi moja moja.

Bibi alifanya vyema, kufunga tumbo siku za mwanzo kunampa mzazi egemeo na anajisikia mzima. Mkanda wa mpira miezi saba ni habari nyingine. Unashikilia ukiwa umeuvaa, ukiuvua tumbo linarudi, na ukibana sana unapandisha kiungulia na kusukuma viungo vya chini ambavyo bado vimechoka. Usiku vua ulale. Na kama kitovuni kuna kinundu kinachouma au kisichorudi ndani ukikibonyeza, hiyo huenda ni ngiri, nenda kwa daktari bila kungoja.

Miguu imekauka, tumbo limekuja

*Natumia ARV tangu mwaka 2006. Miaka ya mwanzo mashavu yalikauka, mishipa ya miguu ikatokeza, kisha tumbo na nundu ya shingoni vikaja. Nikipunguza kula nazidi kuonekana mgonjwa. Jina nalihifadhi.*

Nashukuru kwa kuniamini. Uliyoyaeleza tuliyaona sana miaka ile. Kulikuwa na dawa iitwayo stavudini iliyookoa watu wengi, lakini kwa baadhi iliyeyusha mafuta ya uso, mikono na miguu. Wengine, kwa dawa za enzi hizo, walipata mafuta tumboni na shingoni. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi ziiondoe taratibu, na leo wengi wako kwenye dawa nyingine iitwayo dolutegravir.

Kujinyima chakula hakukufai hata kidogo, na dawa usiruke hata siku moja kwa ajili ya tumbo. Mashavu yaliyokauka hurudi kwa shida na kwa sehemu tu, nisikudanganye. Msuli unarudi. Dumu nililomwelekeza kijana wa Tabata linakuhusu wewe zaidi yake, hasa kuchuchumaa, maana mapaja yakijaa miguu inabadilika sura. Siku yako ya CTC, kliniki ya ARV, mwambie daktari kama ulivyoniambia mimi, aangalie dawa unazotumia sasa na akupime sukari na mafuta ya damu. Wengi huchukua dawa dirishani na kuondoka. Safari hii kaa kwenye foleni ya kumwona.

Chai ya kukata tumbo

*Nimenunua kwa elfu thelathini chai ya kukata tumbo kutoka kwa dada anayetangaza WhatsApp. Siku tatu nimeenda chooni mara sita sita, tumbo limelala kabisa! Niendelee? Zimebaki pakiti mbili.*
*Mdau, Dodoma*

Tumbo limelala kwa sababu umemwaga kilichokuwamo. Chai nyingi za namna hii zina majani ya sena, dawa ya kulainisha choo. Mafuta hayaharishwi. Kilichotoka ni maji na chumvi za mwili. Ukila na kunywa vizuri siku mbili futi itasoma ilivyokuwa, na ukiendelea utumbo utazoea kusukumwa.

Ninachokiogopa zaidi ni kisichoandikwa kwenye pakiti. Kulikuwa na dawa ya kuzuia njaa iitwayo sibutramini, Ulaya na Marekani waliiondoa sokoni mwaka 2010 kwa hatari zake kwenye moyo, na tangu hapo imekuwa ikikutwa imefichwa kwenye bidhaa za kupunguza mwili zinazoitwa za asili. Kama moyo unakwenda mbio, mdomo unakauka au usingizi umekimbia tangu uanze, nenda hospitali na pakiti mkononi. Mwulize huyo dada namba ya usajili wa TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Atakupa maelezo marefu.

Hizo pakiti mbili usimpe shoga yako, tupa. Na wiki ijayo ukitaka kutoa tena elfu thelathini kwa ajili ya tumbo, pita kwa muuza mayai, zinatosha trei tatu hivi.